Jinsi ya kuchagua stetoskopu ya kazi ya dharura, ile ya kubeba kwenye ambulensi na eneo la tukio

Kabla hujaanza kuangalia rangi na majina ya kampuni jiulize kwanza, ukiwa umepiga magoti pembeni ya mgonjwa, injini inanguruma, ndugu zake wanalia na mwenzako anakuita, unataka hicho kifaa kikujibu nini? Maana stetoskopu ya daktari wa moyo anayekaa chumba kimya akasikiliza valvu moja taratibu mpaka aridhike, na ya mtu wa ambulensi, ni vitu viwili tofauti hata kama ukiviweka mezani vinafanana. Wengi wanaoingia kwenye kazi hii wananunua ile ya kwanza alafu wanashangaa mbona fildi hawasikii kitu.

Maswali ya fildi ni machache sana. Hewa inaingia pande zote mbili za kifua au upande mmoja uko kimya? Kifua kinapiga mluzi kama wa pumu, au kina sauti za majimaji? Mrija wa kupumulia tuliouweka uko kwenye njia ya hewa au umeingia njia ya chakula? Presha ya juu ngapi na ya chini ngapi? Hayo manne ndo karibu kazi yote. Ile mivumo midogo ya valvu, sauti ya tatu na ya nne ya moyo, ni vizuri kuzijua lakini pembeni ya barabara huwezi kuzisikia vizuri na hata ukizisikia mara nyingi hazibadilishi unachotakiwa kufanya sasa hivi. Kwa hiyo usilipie uwezo ambao kelele zitaufuta, lipia vitu vinavyozuia kelele isiingie.

Na kelele inaingilia wapi? Masikioni. Hapa ndo nataka ukae zaidi kwa sababu watu wanaangalia kichwa cha stetoskopu tu, yaani ile sehemu inayowekwa kifuani, wanasahau kwamba ukiwa na kichwa kizuri kuliko vyote duniani na vipira vya masikioni havizibi vizuri basi umenunua pambo. Tafuta vipira laini vya silikoni, vile vinavyobonyea na kujaza tundu la sikio, sio vile vya plastiki ngumu vinavyouma baada ya dakika mbili. Stetoskopu nzuri huja na saizi zaidi ya moja, jaribu zote, na usishangae kama ile ndogo ndo inakufaa zaidi, kipira kikubwa mno hakiingii, kinakaa nje ya tundu na hewa inapita pembeni. Hakikisha pia vinajifunga imara kwenye vyuma, kwa kuzungushwa au kwa kubana, maana kipira kinachochomoka ovyo kinaweza kubaki ndani ya sikio au kikapotea gizani katikati ya kazi.

Vile vyuma vya masikioni vimepinda kidogo kwa makusudi, ukivaa vinatakiwa vielekee mbele upande wa pua, kwa sababu tundu la sikio lenyewe limelala kuelekea mbele. Ukivaa kinyume sauti inagonga ukuta wa sikio na utasikia kwa mbali tu, na hili linatokea sana mtu akiwa na haraka. Mbano wa kichwani unarekebishika, ukishika vyuma viwili ukavitanua taratibu unalegea, ukivikutanisha unakaza. Kama ikikubana mpaka kichwa kinauma, utaanza kuivaa nusu nusu na hapo hakuna tena cha kuziba.

Jaribio la kununulia ni rahisi, vaa, mwambie mtu aongee kawaida umbali wa hatua moja. Kama unamsikia kila neno wazi, haizibi, badilisha vipira, ikishindikana badilisha stetoskopu. Alafu ukiweza toka nje simama karibu na gari lililowashwa ujisikilize pumzi zako mwenyewe kifuani, maana ndani ya duka tulivu kila stetoskopu inasikia na muuzaji anajua hivyo.

Tuje kwenye kichwa. Kiwambo, yaani ule upande mpana wenye plastiki nyembamba iliyokazwa, unachukua vizuri sauti za juu, na pumzi nyingi ziko huko. Upande wa kikombe, ule mdogo wenye shimo, unachukua sauti nzito za chini. Stetoskopu nyingi za siku hizi zina kiwambo cha kurekebisha kwa mkono, ukigusa kidogo unapata sauti za chini, ukikandamiza unapata za juu, yani upande mmoja unafanya kazi mbili. Kwa fildi napenda sana hii kwa sababu hupotezi muda kugeuza kichwa.

Na hapo kwenye kugeuza kichwa pana hatari ya kweli ambayo kila anayeanza lazima aambiwe mapema. Stetoskopu ya pande mbili inasikia upande mmoja tu kwa wakati, ule uliofunguliwa kwa kuzungusha shina la kichwa. Ukiiweka kifuani na upande wake umefungwa utasikia ukimya mtupu, na ukimya kwenye kifua cha mgonjwa aliyezidiwa unakupeleka kwenye maamuzi mazito ambayo mgonjwa hakuyahitaji. Dawa yake ni kugonga kiwambo kidogo kwa kidole kila unapovaa, kabla hujagusa mgonjwa, ukisikia dum ya nguvu endelea. Kama unajijua una haraka sana au stetoskopu ni ya timu nzima inayopita mikono mingi, nunua ya upande mmoja, hamna cha kugeuza hamna cha kukosea.

Upande wa pili una faida yake kubwa hata hivyo, nayo ni watoto. Kwa mtoto mchanga kiwambo kikubwa hakilali sawasawa juu ya zile mbavu ndogo, ukingo unabaki hewani na kelele za nje zinaingia moja kwa moja. Upande mdogo, kwa mfano kwenye modeli inayoitwa Littmann Classic III ni kama sentimita 3.3 wakati mkubwa ni 4.3, unakaa vizuri zaidi. Kama kituo chenu kinapokea watoto wengi chagua ya pande mbili bila kufikiria mara mbili na ujizoeshe lile dum la kidole.

Presha nayo, zile sauti unazosikiliza wakati mkanda unalegea, zilizoelezwa na daktari Mrusi Nikolai Korotkoff mwaka 1905, ni sauti nzito za chini kwa hiyo kwa nadharia kikombe kingefaa zaidi. Kwa vitendo watu wengi wanatumia kiwambo kwa sababu kinashikika kwa mkono mmoja na kinafunika eneo pana hata usipolenga mshipa sawasawa. Usikipachike chini ya mkanda ili mikono iwe huru, kinasugua na kuleta kelele na kinaweza kuharibu kipimo.

Mpira. Kuna zile zenye mipira miwili inayoenda sambamba kutoka kichwani hadi masikioni, zinauzwa rahisi na zinakuja na vifaa vingi kwenye kiboksi, lakini mipira miwili ikigusana inasuguana na ule msuguano unausikia masikioni kama kelele juu ya kelele. Ndani ya gari linalotikisika ndo kabisa. Chagua yenye mpira mmoja kwa nje, hata kama ndani una njia mbili, na uwe mnene, ukuta mnene unazuia kelele za nje kupenya.

Urefu watu wanabishana sana. Za kawaida ni kama sentimita 69 hadi 71, fupi ni kama 56. Kweli mpira mrefu unapoteza sauti kidogo lakini tofauti hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na unachopoteza kwa vipira vibovu vya masikioni, na ule urefu unakupa nafasi kati ya uso wako na mgonjwa anayetapika, anayekohoa au anayerusha mikono, pia mgongo hauumii ukiwa umeinama kwenye machela. Mimi nasema chukua ndefu. Fupi inamfaa mtu mfupi au anayeiweka mfukoni muda wote. Mpira usiwe na latex, kwa sababu yako na kwa sababu ya mgonjwa ambaye hujui ana mzio wa nini.

Na kuhusu kuivaa shingoni, inapendeza lakini mgonjwa aliyechanganyikiwa akiidaka anakuvuta nayo, na ukiinama inaning'inia ikaingia kwenye damu. Iweke kwenye mfuko wa suruali wa pembeni au mfuko wake wa kwenye begi. Mafuta ya ngozi pia ni adui wa ule mpira, unakakamaa taratibu, vilevile jua, kwa hiyo usiiache juu ya dashibodi kwenye kioo cha mbele.

Chuma cha kichwa kina wapenzi wake, wengine chuma kisichoshika kutu, wengine alumini, wengine mchanganyiko wa zinki. Vizito huwa vinasifiwa kwa sauti na ndani ya chumba kimya sikatai, ila fildi tofauti hiyo inamezwa na injini na kinachobaki ni uzito unaoubeba zamu nzima. Ukingo wenye mpira kuzunguka kiwambo una maana zaidi, unasaidia kuziba juu ya ngozi na haumshtui mgonjwa kwa baridi.

Kwa majina, Classic III niliyoitaja ni ya daraja la kati, ina uzito wa kama gramu 150, na kwa kazi ya ambulensi daraja hilo linatosha kabisa. Kupanda mpaka daraja la kadiolojia, zile za madaktari wa moyo, kuna sababu kama unafanya pia wodini au unahamisha wagonjwa mahututi kati ya hospitali na hospitali, vinginevyo hiyo hela weka kwenye oksimita nzuri, kile kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu. Kampuni iwe yoyote uitakayo, cha kuangalia ni namba ya bidhaa iliyochongwa kwenye chuma, waranti inayoeleweka, na spea za vipira na viwambo zinazopatikana, maana feki zimejaa sana na kwenye picha hutazitofautisha na orijino.

Za elektroniki zinakuza sauti na baadhi zinapunguza kelele za nje, na kwa mtu mwenye usikivu uliopungua zinaweza kumrudisha kazini, hilo nalisema kwa heshima. Ila kukuza peke yake hakusaidii kwenye gari, inakuza na mtikisiko pia, kwa hiyo kama unanunua tafuta yenye uwezo wa kupunguza kelele na iwe bado inasikia kawaida betri ikiisha. Kwenye helikopta stetoskopu ya kawaida karibu haina kazi, hapo unategemea macho yako kwenye kifua kinavyopanda, oksimita, mashine inayopima kaboni dioksaidi ya pumzi na kama ipo ultrasaundi. Hata ardhini, mrija wa kupumulia usiuthibitishe kwa stetoskopu peke yake, sikiliza chembe cha moyo na kwapa zote mbili lakini mashine ya kaboni dioksaidi ndo ushahidi wenye nguvu.

Usafi uangalie tangu dukani. Kichwa chenye mikunjo na nakshi nyingi kinaficha uchafu, laini kinafutika kwa mara moja. Kila baada ya mgonjwa futa kiwambo, ukingo na mpira kwa spiriti ya asilimia 70, usiitumbukize kwenye maji wala dawa na usiipeleke kwenye mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, itaharibika. Kwa wagonjwa wa magonjwa ya kuambukiza sana gari liwe na zile za plastiki za kutupa, sauti yake sio nzuri lakini utajua kama pande zote zinapata hewa.

Ukishainunua, jua namna ya kuitumia ndani ya gari. Sikiliza kifua kabla gari halijaondoka, hicho ndo kipimo chako cha kulinganishia. Wakati wa presha, nyanyua mkono wa mgonjwa usiguse vyuma vya machela, uweke juu ya paja lako na unyanyue visigino vyako kidogo, mtikisiko wa sakafu unapungua. Sikiliza juu ya ngozi, sio juu ya shati, nguo inakwaruza na ule mkwaruzo unafanana sana na sauti za majimaji. Ukishindwa kabisa kusikia presha, papasa mshipa wa mkono wakati mkanda unalegea, utapata namba ya juu tu, andika kwamba umepima kwa kupapasa.

Ya akiba iwepo kwenye begi, hata ya bei nafuu, na yako iandike jina kwa kibandiko kisichofutika. Kiwambo kikipata ufa, vipira vikilegea au mpira ukianza kukakamaa na kuonyesha nyufa pale unapoungana na kichwa, badilisha spea siku hiyohiyo, na kama mpira wenyewe haubadilishiki nunua nyingine.