Kabla hujamwita fundi wa funguo za gari nyumbani

Simu ikilia, kabla sijauliza aina ya gari wala mtaa, nauliza hivi: "Papa, muko na ufunguo ingine nyumbani?" Akijibu haraka kwamba upo, najua nitakuwa nimerudi Kamalondo, mtaa wangu hapa Lubumbashi, kabla ya chakula cha mchana. Akinyamaza, kisha akaanza kunisimulia harusi ya Jumamosi na koti alilomwazima shemeji yake, nabeba begi kubwa.

Tofauti ya hali hizo mbili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Gari likiwa na ufunguo mmoja unaoliwasha, nachonga wa pili, nachomeka mashine kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, na gari linaambiwa: huyu naye ni wa nyumbani. Funguo zote zikipotea, inabidi kwanza nifungue mlango bila kuuharibu, nisome meno ya ufunguo kutoka ndani ya kitasa, nichonge, halafu nilishawishi gari likubali mgeni ambaye halijawahi kumwona. Toyota nyingi za kubonyeza, zile zinazowashwa kwa kitufe, hudai usubiri dakika 16 nzima huku mashine imechomekwa. Nissan hutaka namba ya siri. Magari mengine ya zamani hayasikii mashine kabisa: natoa kisanduku cha umeme chini ya tablo, yaani dashibodi, nakifungua, nasoma kumbukumbu yake kwa waya na chuma cha kulehemu. Bei hupanda kwa kila hatua hiyo. Kwa hiyo siku nzuri ya kuniita ni ile ambayo ufunguo wako wa pekee bado unawasha gari vizuri na huna haraka yoyote.

Jambo linalofuata ni kujua kama gari lako lina chipu, kile kidude ndani ya kichwa cha ufunguo ambacho gari hukitambua ndipo likubali kuwaka. Wengi hawajui, na wapo mafundi wanaofurahia wasijue. Chukua karatasi ya alumini, ile ya kufungia samaki wa kuchoma, uzungushe vizuri kwenye kichwa cha ufunguo, ubakishe meno tu nje. Jaribu kuwasha. Gari likiwaka kama kawaida na kuendelea kuunguruma, hakuna chipu inayohitajika hapo, na nakala ya chuma tupu inakutosha. Demarere, yaani stata, ikizunguka bila injini kushika, au injini ikishika kwa sekunde moja au mbili na kuzima, chipu ipo. Chipu hiyo haina batri. Kuna koili ya waya inayozunguka kontakti, pale unapoingiza ufunguo; ukizungusha ufunguo, koili inatuma mawimbi ya kilohezi 125 hivi, nayo hayo mawimbi ndiyo yanayoipa chipu nguvu ya kujibu namba yake. Alumini inaziba masikio ya wote wawili.

Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya yana kinga hii kwa lazima tangu 1998, kwa hiyo lile la baada ya hapo lililoshuka kutoka bandari ya Antwerp litakuwa nayo. Yale ya usukani wa kulia yanayotoka Japani kupitia Dar es Salaam na kuingilia mpaka wa Kasumbalesa hayana kanuni moja. Toyota Vitz na ist nyingi za miaka ya mwanzo wa 2000 hazina kitu. Mwenye gari kama hilo akiniita, namwambia aende sokoni akachongewe kwa bei ya soko, ingawa mke wangu huniuliza biashara ninaifanyia nani.

Usichanganye chipu na rimoti. Rimoti ya kufungulia milango ndiyo yenye kibatri, mara nyingi CR2032 cha volti 3, na kikifa gari bado litawaka ukiingiza ufunguo. Hata kwenye magari ya kubonyeza, kibatri kikiisha, toa kile kifunguo cha chuma kilichofichwa ndani ya rimoti, fungua mlango, kisha gusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe cha kuwashia huku umekanyaga breki. Nimeshapigiwa simu kutoka njia ya Likasi usiku kwa jambo hilo tu, nikalimaliza kwa maneno bila kutoka kitandani.

Na ukibadilisha kasha la ufunguo lililochakaa, angalia ndani kabla ya kulitupa. Mama mmoja wa Katuba alinunua kasha jipya linalong'aa, mdogo wake akahamisha meno na kibatri, la zamani likaenda na takataka. Gari likagoma. Nilipofika nilimwomba tumwage pipa la taka uani. Watoto walisimama kushangilia, sisi tukapekua maganda ya ndizi na majivu hadi tukalipata lile kasha limekanyagwa, na kwenye pembe yake, imebanwa, ile chipu: kijiwe cheusi, ukubwa wa punje ya mahindi, hakina waya wala taa. Ungekiona chini ungedhani ni kokoto. Niliipangusa kwa kanga yake, nikaiweka katika kasha jipya, gari likawaka papo hapo. Sikuchonga kitu.

Sasa batri ya gari. Hapa naomba unisikilize, maana mwaka wangu wa pili katika kazi hii niliua kompyuta ya gari la mtu kwa kuipuuza. Ilikuwa Julai, asubuhi ya baridi yetu hii ambayo wageni hawaiamini. Gari lilikuwa limelala wiki tatu. Taa za tablo ziliwaka vizuri, nikaridhika. Katikati ya kuandikisha ufunguo kwenye kompyuta hiyo, kontakti ikiwa imefunguliwa muda wote, umeme ukashuka, mashine ikakatika, na kile kisanduku kikabaki na maandishi nusu. Hakikuamka tena. Nililipa kidogo kidogo kwa miezi mitano, na mwenye gari hakuwahi kunitukana, jambo lililoniuma zaidi.

Batri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6. Ikisoma 12.2 iko kama nusu. Chini ya 12 mimi sigusi kitu kabla ya kuichaji. Kwa hiyo, usiku wa kuamkia siku hiyo, umeme ukiwepo, ichaji. Usipokuwepo, panga na jirani gari lake liwe karibu pamoja na nyaya za kuazimia moto. Nikianza kazi, zima feni, redio, taa, na chomoa chaja za simu zote. Tena usifungue na kufunga mlango ili uone nimefika wapi. Kila ufunguapo, taa za ndani zinawaka na vikompyuta vingine vinaamka.

Makaratasi. Nitaomba carte rose, ile kadi ya usajili wa gari, na kadi yako ya uchaguzi, tafadhali usikasirike. Mashine ileile inayomsaidia mwenye gari inaweza kumsaidia mwizi, na mimi ndiye nitakayetajwa jina. Kama ulinunua gari na bado halijahamishiwa kwako, weka tayari hati ya mauzo na namba ya simu ya aliyekuuzia. Nina desturi yangu pia: kabla sijafungua mlango nauliza kuna nini ndani ya kisanduku cha tablo. Mwenye gari hucheka na kutaja risiti za mafuta, miwani iliyovunjika, kitabu cha nyimbo cha binti yake. Asiyejua hata kimoja, nakumbuka ghafla kwamba nina mgonjwa hospitalini.

Nitumie picha ya namba ya chasisi kabla sijatoka nyumbani, ili nibebe chipu inayofaa. Gari la Ulaya litakuwa na herufi na tarakimu 17. La soko la Japani lina namba fupi, kwa mfano inayoanza na NCP60 ikiwa ni ist. Hiyo ni sahihi, haijakatwa. Ila picha ya ufunguo wenyewe usiiweke kwenye status ya WhatsApp siku unaposherehekea gari jipya. Meno yanasomeka kwenye picha, na mwenye jicho anaweza kuyachonga.

Tafuta vilevile kile kibati kidogo chenye tarakimu kilichokuja na funguo za mwanzo. Magari mengi yaliyotumika hufika bila hicho, lakini kikiwepo nitachonga kwa namba yake, meno yatoke kama ya kiwandani. Bila hicho, na ufunguo wako ukiwa umelika kwa miaka 15, nakala yake itazaliwa tayari imelika.

Kuhusu mahali, kivuli kinatosha, na nafasi ya kufungua mlango wa dereva hadi mwisho. Masika ya Desemba tafuta paa. Na tafadhali, usijaribu kuzungusha kontakti kwa bisibisi wakati unanisubiri. Kazi ya saa moja inageuka kuwa ya siku mbili.

Rimoti usinunue mwenyewe kwanza kisha uniite. Ya gari la Japani na ya gari la Ulaya zinaweza kufanana kama mapacha, moja inazungumza kwa megahezi karibu 315 na nyingine 433, na gari halitaisikia. Ile ya mtumba ya gari la kubonyeza ni mbaya zaidi, maana kwa kawaida imeshafungwa kwa gari lake la kwanza.

Tukubaliane bei kabla sijafungua begi, pamoja na nani anabeba hasara chipu ikikataa. Ukilipa kwa dola, noti isiwe na mchaniko hata wa kucha, unajua mwenyewe soko letu. Uliza pia swali ambalo wateja wachache huuliza: unaninakilia chipu, au unaiandikisha mpya kwenye gari? Kunakili ni rahisi na haraka, lakini gari linaona funguo mbili kama mmoja. Siku ufunguo mmoja ukiibiwa, huwezi kuufuta bila kuufuta na ule ulio mkononi mwako. Kuandikisha kunachukua muda zaidi, ila kila ufunguo una jina lake na unaweza kufukuzwa peke yake, au zote zikafutwa na kuandikishwa upya zile ulizonazo. Kama ufunguo ulipotea pamoja na pochi yenye anwani yako, sisitiza ule uliopotea ufutwe.

Nikimaliza, usiniache niondoke upesi. Jaribu kila ufunguo peke yake, mwingine ukiwa umepelekwa mbali, ndani ya nyumba, maana chipu mbili zikikaribiana kwenye kontakti, moja inaweza kuijibia nyingine. Washa, acha iungurume dakika moja, zima, rudia mara tatu. Jaribu mlango wa abiria, buti, na kifuniko cha tangi kama kina kufuli.

Ule uliopotea ukija kuonekana, usiutupe. Mteja mmoja wa Kampemba aliupata wake wiki tatu baadaye ndani ya mfuko wa unga, mweupe kama mzimu. Ulifungua milango yote, lakini gari likakataa kuwaka, naye akanipigia kwa hasira kwamba kazi yangu imeharibika. Nilimwambia aufute unga, auweke kando. Siku nitakayopita upande huo tutaurudisha kwenye orodha, dakika kumi.