Namna ya kuisugua nyumba ya bibi kabla tingatinga halijafika

Wadau, hii ni kwa yule ambaye nyumba ya familia pale Kariakoo, Ilala au Magomeni imeshauzwa, kila mtu kapewa chake cha mirathi na sasa inasubiriwa tingatinga tu (nasema lile la kubomolea, sio michoro ya mzee Edward Saidi Tingatinga, ingawa hapa mjini yote mawili tunayo). Nataka uichukue nyumba kwenye karatasi, saizi yake ileile.

Hii kitu unaijua toka shule ya msingi. Unaweka sarafu ya mia chini ya karatasi ya daftari, unasugua penseli juu, sura ya Mwalimu inatokea. Basi ni hivyohivyo, ila badala ya sarafu una nyumba. Do Ho Suh, msanii wa Korea Kusini, fleti aliyokuwa amepanga New York aliifunika karatasi nyeupe ndani kote, kuta, swichi, majiko, alafu akasugua kwa penseli za rangi mpaka kila kitu kikajitokeza. Rachel Whiteread yeye London mwaka 1993 alijaza zege ndani ya nyumba nzima, kuta za nje zikatolewa, ikabaki ile nafasi ya vyumba imesimama kama jabali, na mwaka 1994 nalo likabomolewa. Sisi mfuko wa simenti bei yake tunaijua kwahiyo tubaki na karatasi.

Kabla ya yote omba ruhusa. Hata kama umezaliwa humo, nenda kwa shangazi mkubwa, salimia, kaa, kunywa chai, alafu ndio useme. Na wapangaji usiwasahau, maana wewe unalia kumbukumbu za bibi wakati mwenzio anawaza kesho analala wapi, ukiingia chumbani kwake na makaratasi bila hodi utakuwa umejitakia mwenyewe.

Vifaa: trasing pepa ya roli, zile za wachora ramani, stationari zinapatikana. Gazeti linachanika, usijisumbue. Kreyoni nyeusi uzimenye lile karatasi lake ulaze ubavu, usitumie ncha. Masking tepu ya mafundi rangi, sio solotepu ya kahawia, ile inabandua chokaa yote. Futi kamba, brashi kavu na simu. Kwa sakafu iliyokwaruzika mimi natumia kitambaa cha marekani, karatasi inatoboka.

Sasa usianze na ukuta. Kila mtu anaanza na ukuta kwasababu ndio mkubwa, anamaliza roli nzima anaambulia ukungu mweusi tu, mimi nilifanya hivyo siku ya kwanza na ulikuwa ukuta wa chini uani unaotoa chumvi, karatasi ikanyonya unyevu, asubuhi nikaikuta imejikunja chini kama kanga iliyofuliwa. Anza na vitu vilivyoshikwa sana: komeo la mlango wa mbele, kitasa, swichi ya ukumbini, bawaba, tofali za matundu juu ya dirisha, ukingo wa baraza pale wazee walipokuwa wanakalia na bao. Nyumba zetu hizi zina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, kwahiyo fuata njia ya mtu anayeingia, toka barazani mpaka jikoni, utajua tu mkono ulikuwa unagusa wapi.

Kizingiti cha bibi yangu kilikuwa kimelika katikati, kama kijiko hivi, pembeni bado kina kona kali. Kwa macho sikuwahi kukiona. Nilipopitisha kreyoni ndio pembeni kukawa cheusi tii na katikati pakabaki peupe, kwasababu hapo karatasi haikugusa kitu.

Namna yenyewe: futa vumbi taratibu, piga picha kwanza, bandika karatasi iwe imekaza, alafu papasa kwa kidole ujue kingo ziko wapi. Sugua kwa kuelekea upande mmoja, mkono mwepesi, rudia mara mbili tatu, usikandamize kutafuta weusi wa haraka. Ukifika kwenye swichi zima umeme kwenye meni swichi kwanza, nyaya za nyumba hizi saa zingine zinachungulia nje. Pima urefu toka sakafuni mpaka kitu kilipo, andika nyuma ya karatasi kwa penseli pamoja na tarehe na chumba cha nani. Usiruke hiyo, maana ukija kutundika, swichi inatakiwa ikae palepale ilipokuwa, sio usawa wa macho kama picha za hotelini. Mjomba wangu alipita mbele ya ile ya ukumbini, mkono ukanyanyuka wenyewe.

Vyombo navyo sugua, mbuzi ya nazi, ungo, kifuniko cha sufuria chenye namba ya mkopeshaji wa vyombo vya shughuli ambacho hakikurudishwa toka sijui harusi ya nani. Kinu kinasumbua, mviringo, zungushia kitambaa.

Ukimaliza usikunje. Viringisha kwenye bomba la plastiki la fundi bomba, sura ya kreyoni iangalie nje, katikati weka karatasi safi, na usiweke juu ya kabati chini ya bati maana joto la Januari linayeyusha kreyoni yote inagandana. Kupeleka kwa mtu wa fremu sikushauri, wangu alikata kingo "ili ikae vizuri", na kwenye hizo kingo ndio kulikuwa na vipimo.