Kijana Aliyejiajiri Achague Vipi Mifuko ya Akiba ya Uzeeni

Shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi wa Januari, mdogo wangu, ambaye ni fundi wa cherehani katika soko la Kibuye hapa Kisumu, hushona sare hadi usiku, na katika wiki tatu huingiza pesa ambazo Machi na Aprili zikijumlishwa hazimpatii. Ana umri wa miaka 27. Hana mwajiri wa kumkata pensheni kila mwisho wa mwezi, na siku macho yatakaposhindwa kupitisha uzi kwenye sindano hakuna atakayemwandikia hundi ya kustaafu. Mwaka jana alinijia na simu mkononi, akanionyesha orodha ya mifuko ya uwekezaji iliyopangwa kwa viwango vya faida, wa juu kabisa ukiwa wa kwanza, akaniuliza, "Kaka, si niweke tu kwenye huu?" Nilimjibu kwa jioni mbili. Ninayaandika hapa yale niliyomweleza, kwa kuwa swali lake nalisikia kwa mafundi, waendeshaji boda na vijana wanaofanya kazi kwa kompyuta kutoka nyumbani, na mara nyingi jibu wanalopewa ni jina la mfuko tu.

Orodha aliyonionyesha ilikuwa ya mifuko ya soko la fedha. Mfuko wa aina hiyo hukusanya pesa za watu wengi, ukazikopesha kwa muda mfupi: kwa serikali kupitia hati za siku 91, 182 na 364, na kwa benki kupitia amana za muda maalumu. Kwa hiyo faida yake hufuata riba iliyopo wakati huo. Kiwango cha riba cha Benki Kuu ya Kenya kilifika asilimia 13 mwezi Februari 2024, kikaanza kupunguzwa Agosti mwaka huo, na faida za mifuko hii zikateremka nyuma yake. Anayechagua mfuko kwa sababu ndio wa kwanza mwezi huu anachagua kwa hali ya miezi michache, ilhali pesa anazozitafutia mahali zitahitajika baada ya miaka thelathini.

Kabla ya kuchagua chochote, tenganisha pesa za dharura na pesa za uzeeni. Mtu mwenye kipato cha msimu anahitaji akiba ya dharura kubwa kuliko mwajiriwa. Mimi hushauri matumizi ya miezi sita, ya nyumbani na ya kazi pamoja, yaani kodi ya kibanda, umeme, na pesa za kununulia kitambaa kabla mteja hajalipa. Kwa kazi hii mfuko wa soko la fedha unafaa sana, kwa sababu thamani yake haiyumbi na pesa hurudi kwenye M-Pesa au benki kwa muda wa siku chache. Usiione aibu kuchukua mwaka mzima kujaza sehemu hii peke yake. Asiye na akiba ya dharura atauvunja mpango wa uzeeni siku cherehani itakapoharibika, na mara nyingi atauvunja wakati mbaya kabisa wa kuuza.

Pesa za uzeeni zina adui mwingine, nao ni mfumuko wa bei. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, huongezeka maradufu kila baada ya miaka 12 hivi, na shilingi milioni moja itakayotolewa miaka thelathini kutoka leo itanunua kile ambacho shilingi 174,000 zinanunua sasa. Mwezi Oktoba 2022 mfumuko wa bei nchini ulifika asilimia 9.6. Mfuko wa soko la fedha uliotangaza asilimia 10 wakati huo ulimwachia mwenye pesa asilimia 8.5 baada ya kodi ya zuio ya asilimia 15 inayokatwa kwenye riba. Salio lilikuwa likipanda kila siku kwenye simu, lakini uwezo wake wa kununua unga ulikuwa ukishuka. Kuacha akiba yote ya uzeeni humo kwa miaka thelathini ni hatari iliyojificha, na ndiyo hatari ninayoihofia zaidi kwa vijana waangalifu.

Hatua inayofuata ni kuchagua chombo cha kuwekea pesa, kabla ya kuchagua kitakachokuwemo. Hapa nchini kijana anayejitegemea ana njia mbili kuu. Ya kwanza ni mpango binafsi wa pensheni, ulio chini ya Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, inayojulikana zaidi kwa herufi RBA. Ya pili ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja, iliyo chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, yaani CMA, ambamo unanunua vipande, yaani sehemu ndogo za mfuko, na kuviuza unapotaka. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, nayo hupokea wanaojiajiri kwa hiari, na ni mwanzo mzuri kwa mwenye shilingi chache kwa siku, ila humo huchagui wewe namna pesa zinavyowekezwa.

Kwa akiba ya uzeeni mimi naupendelea mpango wa pensheni, kwa sababu mbili. Faida inayopatikana ndani ya mpango uliosajiliwa haikatwi kodi mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ile asilimia 15 inayopungua kwenye riba za mifuko ya kawaida inabaki ndani na kuendelea kuzaa. Isitoshe, huwezi kuchota pesa zote upendavyo kabla ya umri wa kustaafu, ambao kwa kustaafu mapema huanzia miaka 50. Wengi huliona hilo kuwa kifungo. Mimi nimewaona watu wenye nidhamu ya kazi isiyo na dosari wakimaliza akiba ya miaka minane kwa sababu ya harusi moja, na kwa mtu asiye na mwajiri kufuli hilo ni msaada mkubwa. Uliza tu mapema kama mpango ni wa pensheni, ambao siku ya kustaafu hutoa hadi theluthi moja kwa mkupuo na inayobaki huwa kipato cha mara kwa mara, au ni ule unaolipa yote kwa pamoja.

Kuna pia nafuu ya kodi, na hapa mawakala wengi husema nusu ya habari. Tangu mwisho wa Desemba 2024 sheria inaruhusu hadi shilingi 30,000 kwa mwezi za mchango wa pensheni zitolewe kwenye kipato kabla ya kodi kukokotolewa. Awali kikomo kilikuwa 20,000. Mtu ambaye faida yake imefika kiwango cha kodi cha asilimia 30 akichangia 5,000 huokoa 1,500. Lakini anayelipa kodi ya mauzo ghafi, kama walivyo wenye biashara ndogo wengi, hutozwa kwenye mauzo yote bila kuondoa gharama wala michango, kwa hiyo nafuu hiyo haimfikii. Angalia kwenye akaunti yako ya KRA, mamlaka ya mapato, unalipa kodi gani kabla hujashawishika na hoja hiyo.

Sasa tuingie ndani ya chombo. Mifuko mingi huchanganya vitu viwili: hatifungani za serikali, ambazo ni mikopo ya miaka mingi yenye riba inayojulikana, na hisa za kampuni. Kwa mujibu wa kanuni za RBA, mfuko wa pensheni unaweza kuweka hadi asilimia 90 kwenye dhamana za serikali na hadi asilimia 70 kwenye hisa zilizoorodheshwa sokoni. Nafasi hiyo ni pana mno, na ndiyo maana mipango miwili yenye matangazo yanayofanana inaweza kuwa tofauti kabisa. Kijana mwenye miaka thelathini mbele yake anastahili sehemu nzuri ya hisa, kwa maoni yangu kati ya theluthi na nusu, na iliyobaki iwe hatifungani. Sipendekezi hisa tupu, kwa sababu soko la Nairobi ni dogo na linaegemea kampuni chache, hasa Safaricom na mabenki.

Hisa huogopesha, na woga huo una sababu. Mwaka 2023 kipimo cha jumla cha bei za hisa Nairobi kilipoteza zaidi ya robo ya thamani yake, kisha kikapanda kwa nguvu mwaka 2024. Aliyeuza mwishoni mwa 2023 alibaki na hasara yake. Anayechangia kidogo kidogo hali yake ni tofauti, na jambo hili nilimwonyesha mdogo wangu kwa kalamu, pembeni mwa daftari lake la vipimo vya wateja. Kipande kikiwa shilingi 15, elfu tatu hununua vipande 200. Bei ikianguka hadi 10, elfu tatu zilezile hununua 300. Sasa ana vipande 500 kwa shilingi 6,000, yaani 12 kila kimoja, na bei ikirudi 15 vina thamani ya 7,500. Alinyamaza kidogo, akasema ni kama kununua robota la kitambaa wakati wauzaji wa jumla wamekosa wateja. Ndivyo hasa, mradi usilazimike kuuza, na ndiyo sababu akiba ya dharura ilitangulia.

Utakutana pia na mipango ya kampuni za bima inayokuhakikishia kiwango cha chini cha faida kila mwaka. Ni mizuri kwa mwenye miaka 55. Kwa wa miaka 27, uhakika huo una bei yake, kwa kuwa anayekuhakikishia hulazimika kuweka pesa mahali tulivu mno na kubakisha sehemu ya miaka mizuri ili kufidia mibaya.

Jambo ninaloliangalia kuliko yote ni ada. Kijana akichangia shilingi 3,000 kila mwezi kwa miaka 30, ametoa mfukoni 1,080,000. Zikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka, atakuta karibu milioni 6.78. Ada zikila asilimia 2 na zikabaki asilimia 8, atakuta karibu milioni 4.47. Shilingi milioni 2.3 zimekwenda kwa kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Hakuna anayejua hisa zitafanyaje mwaka kesho, lakini ada unaijua leo, na unaweza kuikataa.

Kwa hiyo omba taarifa ya karibuni ya mfuko, ile karatasi ya ukurasa mmoja au miwili, usome ukiwa na kalamu. Tafuta ada ya usimamizi ya mwaka, kisha uulize waziwazi kama ada za mdhamini (anayelinda maslahi ya wenye pesa), za mtunzaji wa mali (anayezihifadhi) na za uendeshaji zimo ndani yake au ziko juu yake, na kama kuna ada ya kuingia au ya kutoka. Tazama mgawanyo wa mali. Tazama faida ya miaka mitano au kumi badala ya mwezi, na uhakikishe kama imeandikwa baada ya ada au kabla. Wakala asiyeweza kukujibu maswali haya kwa maandishi, mshukuru, uondoke.

Nina sababu ya kusisitiza maandishi. Mwaka 2016 niliweka saini mpango niliouita wa uzeeni, nao ulikuwa bima ya maisha yenye akiba. Nilipokwama baada ya miezi kumi na minne na kutaka kuacha, niliambiwa kwamba kabla ya miaka mitatu hakuna cha kurudishiwa. Jambo hilo lilikuwemo kwenye mkataba. Mimi ndiye niliyesikiliza maneno na kuacha karatasi. Bima ina kazi yake, lakini usiichanganye na akiba ya uzeeni.

Ukishachagua, hakikisha jina la mfuko limo katika orodha ya waliopewa leseni, inayochapishwa na CMA kwa mifuko ya pamoja, na ile ya RBA kwa mipango ya pensheni. Pesa ziende kwenye akaunti au nambari ya malipo ya mfuko wenyewe, na kamwe zisiende kwenye nambari ya simu ya wakala, hata akiwa jirani yenu.

Kuhusu kiasi, usijifunge na kiwango ambacho Aprili haitakiweza. Weka mchango mdogo usiokosa, hata shilingi 500 kwa wiki, kisha uongeze sehemu maalumu ya kila msimu. Mdogo wangu alikubali kutoa shilingi moja katika kila kumi za faida ya sare, na huituma siku anayolipwa na shule, kabla pesa hazijalala. Fomu ya warithi alitaka kuiruka kwa kuwa hajaoa. Tuliijaza palepale mezani, akaandika jina la mama na nambari yake ya kitambulisho, na tukakubaliana kuirudia siku atakapopata familia.

Mgawanyo wa mali na ada ataviangalia mara moja kwa mwaka, mwezi wa Februari, baada ya msimu wa sare kutulia. Ile orodha ya viwango vya kila mwezi aliifuta kwenye simu.