Jinsi ya kuuangalia mchoro wa Apollo na Daphne ukiwa hapa hapa Dodoma

Wadau, huu mchoro wa Apollo, mungu wa Wagiriki wa kale, akimkimbiza binti Daphne anayegeuka mti ili amponyoke, kazi ya mchoraji Pollaiuolo wa Florence, Italia, wa miaka ya 1470 hivi, mi naupenda sana na huhitaji nauli ya kwenda London ulipo, National Gallery. Itafute picha mtandaoni, nenda steshenari yoyote hapa mjini wakuprintie kwa rangi kwenye A4, na hapo ndo pazuri maana mchoro wenyewe ni kama sentimita 30 kwa 20 tu, yaani unashika karibu saizi ile ile aliyoichora fundi kwenye ubao.

Usianze na sura. Anza na mikono ya Daphne, imeshakuwa miti mizima, majani tele, alafu shuka miguuni: mmoja kama umeota mizizi, mwingine bado unakimbia. Apollo kamshika ila kachelewa, baba wa binti, mungu wa mto, ameshasikia ombi la bintiye aokolewe. Mi huzuni yote naiona hapo.

Nguo za Apollo ni za vijana wa Florence enzi hizo.

Kama una watoto wapeleke chini ya mbuyu, wanyooshe mikono juu kama matawi wasitikisike, ndo uanze kuwasimulia.