Kuchagua bima ya mahindi: anza na daftari lako

Mimi ni wakala wa bima ya mimea huku Embu, Kenya. Kinachoniuma ni kumwona mkulima aliyelipa ada, shamba likakauka, na asipate hata shilingi kwa sababu bima aliyonunua haikuhusu janga lililompata. Kabla hujatia sahihi popote, pitia hatua hizi.

1. Andika misimu yako. Rudi nyuma misimu sita hivi: ulivuna magunia mangapi kwa ekari, na nini kiliyapunguza? Mvua ilikatika mahindi yakitoa mbelewele? Viwavijeshi? Mafuriko? Kule Mbeere karibu kila ukurasa utasema ukame.

2. Kando ya kila msimu mbaya, andika majirani walivuna vipi. Usiiruke hatua hii, maana ndiyo inayoamua. Bima nyingi za wakulima wadogo hazikagui shamba lako. Nyingine hufuata kiasi cha mvua kinachosomwa na setilaiti au kituo cha hali ya hewa. Nyingine hufuata wastani wa mavuno ya eneo zima, kama ule mpango wa serikali ulioanza 2016 hapa Embu, Bungoma na Nakuru. Wapimaji huteua mashamba machache, huzungusha kamba kwenye kipande kidogo, huvuna, hupukuchua, hupima uzito na unyevu wa punje. Wastani unaopatikana ndio wa kila mwenye bima katika eneo hilo.

Tuseme wastani wa miaka iliyopita ni magunia 12 kwa ekari na kinga ni asilimia 70. Unalipwa eneo likivuna chini ya magunia 8.4. Eneo likivuna 6, pengo ni 2.4, kwa bei ya mkataba ya shilingi 3,000, unapata 7,200 kwa ekari, hata kama shamba lako lilizaa vizuri. Lakini eneo likivuna 9 nawe ukapata 2 kwa sababu mto ulifurika kwako tu, hupati kitu.

Kwa hiyo, kama misimu yako mibaya ndiyo mibaya ya majirani pia, bima ya eneo inakufaa. Kama tatizo ni ukame peke yake, ya mvua hulipa mapema zaidi kwa kuwa haingoji mavuno. Kama unaumia peke yako, tafuta bima ya hatari nyingi inayokagua shamba lenyewe. Ada yake ni kubwa, na mara nyingi hutolewa kwa mashamba makubwa au kikundi.

3. Amua kiasi cha kukinga. Mwenye mkopo wa mbegu na mbolea akinge angalau mkopo huo. Binafsi napendelea ekari mbili zenye kinga ya kutosha kuliko tano zenye kinga hafifu.

4. Soma tarehe. Bima ya mvua huwa na dirisha lake: mvua ikikosekana kabla au baada ya siku hizo, haihesabiki. Linganisha dirisha hilo na siku unayopanda. Mauzo nayo hufungwa mapema, mara nyingi kabla mvua haijatulia.

5. Hakikisha kampuni na wakala wana leseni ya IRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Kisha soma jina la eneo lililoandikwa kwenye cheti. Likiwa la kata jirani, rudisha siku hiyo hiyo lirekebishwe, kwa sababu fidia itafuata jina hilo.