Kumtafutia Mtoto Mdogo Mahali pa Kuchezea Mjini Mombasa

Anayemtafutia mtoto wa miaka miwili au mitatu mahali pa kuchezea mjini hana budi kwenda kwanza peke yake, na kwa saa ile ile anayokusudia kumpeleka. Uwanja uliotulia asubuhi ya Jumanne huenda jioni ya Jumapili ukawa umejaa vijana wa mpira, na mtoto mdogo hapati hata pa kusimama.

Ukifika, anza kutazama chini. Rangi za bembea zisikushughulishe, kwa kuwa wengi wa watoto wanaoumia viwanjani huumia kwa kuanguka, na kinachoamua kama mtoto atalia kidogo kisha arudi kucheza, au atavunjika mkono, ni kile alichoangukia. Saruji na udongo ulioshindiliwa havifai. Mchanga laini unafaa, mradi uwe na kina cha sentimita 30 hivi. Chukua kijiti ukidunge chini ya bembea, pale ambapo miguu ya watoto huuparura mchanga kila siku, kwa maana hapo ndipo unapopungua kabla ya kwingine. Kijiti kikigota baada ya kina cha kidole, tafuta uwanja mwingine.

Kisha tazama ngazi na vizuizi. Uwazi wenye upana wa kati ya sentimita 9 na 23 ni wa hatari, kwani mwili wa mtoto mdogo waweza kupenya na kichwa kikakwama. Utepe wa fundi cherehani unatosha kupimia. Vifaa vya chuma viguse kwa mgongo wa mkono. Mimi nilipuuza jambo hilo siku moja saa saba mchana, na binti yangu akashuka kwenye mtelezo wa bati akipiga mayowe, mapaja yamemwiva. Tangu hapo hatutoki kabla ya saa kumi alasiri, na magharibi ikiingia tumekwisha kurudi.

Wazazi wengi humpakata mtoto na kuteleza naye, wakidhani wanamlinda. Kumbe kiatu chake kikinasa ukingoni, uzito wa mzazi ndio unaouvunja mguu. Kama hawezi kuteleza peke yake, mtelezo huo ni mrefu kwake. Mtandio na kofia zenye kamba pia zivuliwe kabla ya kupanda, kwa kuwa hunasa na kukaba shingo.

Kwa kukimbia tu, bila vifaa, mimi hupendelea Mama Ngina, bustani ya ufukweni iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na ambako sherehe za Mashujaa za mwaka 2019 ziliadhimishwa. Pana nafasi, pana madafu na mihogo ya kukaanga, na meli zinazoingia Kilindini hupita karibu kiasi cha mtoto kuzipungia mkono. Ila mibuyu yake, pamoja na uzuri wake wote, hupukutika majani wakati wa kiangazi, yaani wakati ule ule kivuli kinapotakiwa zaidi. Na upande wa majabali ya bahari mtoto asiachwe mkono hata kidogo. Wakati wa kusi upepo wa hapo ni mkali, kwa hiyo ukikuta kasri la kupulizwa hewa ambalo halikufungwa barabara kwenye vigingi, usimruhusu mtoto kuingia.

Vyumba vya michezo vya kulipia katika maduka makubwa vinasaidia siku za masika. Uliza kabla ya kulipa kama wadogo wametengwa na wakubwa, maana mtoto wa miaka tisa akimrukia wa miaka miwili, mapira laini hayatamsaidia. Beba soksi.

Ziara ya kwanza iwe fupi, nusu saa hivi, na ukae mahali unapoweza kuuona mlango na mtoto kwa wakati mmoja. Kama hakuna pa kukaa namna hiyo, mimi huuhesabu uwanja huo kuwa haufai.