Kupanga Siku ya Kumvizia Dume Aliyekomaa wa Kulungu wa Mkia Mweupe Mwanzoni mwa Msimu

Wawindaji wengi wa Amerika Kaskazini humhesabu dume wa kulungu wa mkia mweupe kuwa amekomaa afikapo miaka minne na nusu, na dume wa umri huo amekwisha kupita misimu kadhaa ya kuwindwa, kwa hiyo anaijua harufu ya binadamu na hatari inayoambatana nayo. Hata hivyo, kuna siku chache mwanzoni mwa msimu wa kuwinda kwa upinde ambapo mwenendo wake hutabirika: hulala mahali pamoja, hula mahali pamoja, na hupita njia ileile kati ya hapo na hapo. Anayetaka kumpata katika siku hizo hana budi kujua siku ya kuingia porini na, jambo ambalo huwashinda wengi zaidi, siku ya kujizuia asiingie.

Anza na kalenda ya jimbo lako, kwa maana ndiyo inayoamua utakutana na dume wa namna gani. Kati ya majimbo ya Marekani, Nebraska hufungua msimu wa upinde tarehe 1 Septemba, na Kentucky Jumamosi ya kwanza ya Septemba, ilhali Michigan husubiri hadi tarehe 1 Oktoba. Tofauti hiyo ya wiki nne ni kubwa mno. Wakati wa kiangazi pembe za dume hufunikwa na ngozi laini kama mahameli, naye hukaa kwa amani na madume wenzake katika kundi dogo. Siku zinapoanza kuwa fupi, homoni ya testosteroni hupanda mwilini mwake, pembe hukauka, na kwa kawaida kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba huikwangua ngozi hiyo kwenye miti michanga, mara nyingi kwa muda usiozidi siku moja. Baada ya hapo uvumilivu kati ya madume hupungua, kundi huvunjika, na baadhi yao huhamia sehemu nyingine ya eneo lao, pengine mbali kabisa na shamba ulilomwona Julai. Basi, ikiwa msimu wako hufunguliwa mapema, yale uliyoyaona Agosti bado yana thamani. Ukifunguliwa Oktoba, yahesabu kuwa habari za zamani na uanze upesi kutafuta mpya.

Upelelezi wa Agosti ufanywe kwa mbali. Kaa na darubini kando ya barabara au juu ya kilima wakati wa machweo, uangalie kulungu wanatokea kona ipi ya shamba, kwa saa ngapi, na upepo unavuma kutoka wapi siku hiyo. Dume aliyekomaa utamtambua kwa mwili kabla ya pembe: kifua kizito kilichoshuka, mgongo na tumbo vilivyolegea kidogo, na miguu inayoonekana mifupi kwa kiwiliwili chake. Kamera za kutegesha porini husaidia pale zinaporuhusiwa (Arizona, kwa mfano, imezipiga marufuku katika uwindaji tangu 2022), lakini picha ya saa nane usiku haikupi nafasi yoyote ya kumpiga. Inayokufaa ni ile iliyopigwa mwanga ungalipo. Ukiipata, andika kando yake mwelekeo wa upepo na hali ya joto ya siku hiyo. Picha tatu au nne za namna hiyo zikionyesha upepo wa upande mmoja, umekwisha kupata jibu la siku ya kwenda.

Chakula nacho hubadilika haraka kuliko wengi wanavyodhani. Soya yenye majani mabichi huwavuta kulungu kila jioni, lakini majani yakianza kuwa ya manjano wanaweza kuliacha shamba zima katika siku chache. Mara nyingi wakati huohuo mialoni myeupe huanza kuangusha matunda yake, ambayo yana tanini (dutu inayoleta uchungu) kidogo kuliko yale ya mialoni myekundu na kwa hiyo hupendwa zaidi. Usitosheke kuona matunda chini ya mti. Inama uangalie: maganda yaliyopasuliwa ambayo ndani yake bado ni meupe, hayajageuka kahawia, pamoja na kinyesi kibichi kinachong'aa, ni dalili kwamba wamekula hapo usiku uliopita. Mti mmoja wenye dalili hizo, ulio karibu na malalio, una thamani kuliko shamba kubwa lililo wazi.

Kwa kipindi hiki ninapendekeza jioni, na si asubuhi. Kabla ya mapambazuko kulungu wangali mashambani, na mwindaji anayeingia gizani huwakurupusha bila kujua. Tena dume mkubwa mara nyingi hurudi malaloni kabla mwanga haujatosha kupiga. Jioni unajua yuko wapi, naye ndiye anayekuja kwako. Ila usilikalie shamba lenyewe. Weka dungu lako juu ya mti ndani ya msitu, kati ya malalio na chakula, kwa maana dume huyo aghalabu husimama nyuma ya ukingo wa miti akisubiri giza, na akifika shambani muda halali wa kupiga umekwisha. Katika majimbo mengi muda huo hukoma nusu saa baada ya jua kutua, lakini hakikisha katika kanuni za jimbo lako.

Upepo ndio hakimu wa mwisho. Chagua siku ambayo unavuma kutoka upande atakakotokea kuja kwako, kisha ukumbuke kwamba upepo wa saa kumi alasiri si ule wa saa moja jioni: jua linaposhuka, hewa hupoa, huwa nzito na kuteremka mabondeni, ikichukua harufu yako pamoja nayo. Njia bora ya kuliona hilo ni kubeba nyuzi za sufi mfukoni na kuachia moja moja ukiwa juu ya dungu. Uzi utaelea kwa utulivu, utapindukia kwenye mteremko, na utakuonyesha mkondo ambao macho hayauoni. Uzi ukiangukia kwenye njia unayotarajia dume aipite, dungu hilo halifai kwa jioni, hata kama utabiri wa hali ya hewa unasema vingine.

Wimbi la baridi linalopita baada ya siku za joto ni nafasi ya kuthaminiwa, kwa kuwa kufikia katikati ya Septemba kulungu huwa anavaa manyoya mazito ya majira ya baridi na joto humsumbua. Awamu za mwezi usiziache zikupangie ratiba.

Mambo haya yakikutana, yaani dume aliyeonekana mchana karibuni, chakula kinacholiwa sasa, na upepo sahihi, ingia siku hiyohiyo. Jioni ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko zote zitakazofuata, kwa sababu kila unapoingia huacha harufu kwenye majani uliyoyagusa. Panga pia namna ya kutoka: kulungu wakiwa shambani giza likiingia, mwombe mwenzako alete gari hadi ukingoni ili wakimbie gari wanalolizoea, wasikuone ukishuka mtini. Ukimpiga, usisahau kwamba nyama huharibika upesi katika joto la Septemba. Mara tu utakapompata, mpasue na umtoe matumbo hapohapo, kisha weka barafu ndani ya kifua.

Dume akipotea ghafla mwishoni mwa Septemba, usiendelee kulikalia dungu lilelile kwa matumaini. Sogeza kamera mialoni na kwenye vichaka vinene, tafuta mikwaruzo mibichi ya pembe kwenye vigogo, na ukae nje ya eneo lake la kulala mpaka upate tena picha moja ya mchana yenye upepo unaoweza kuutumia.